Nyumbu wa Serengeti hawasubiri mwezi wa nane

Kuna kitu watu wanaambiana kila wakipanga safari ya kwanza Serengeti, eti usipoenda mwezi wa saba au wa nane basi nyumbu umewakosa. Sio kweli jamani. Wale nyumbu, zaidi ya milioni moja, wanahama mwaka mzima, wanazunguka tu kufuata mvua na majani, cha kujiuliza ni wako upande gani saa hizi. Ile ya kuvuka mto Mara na mamba wanasubiri, ambayo ndo inaonyeshwa kwenye tivii, ni kaskazini huko Kogatende, Julai mpaka Oktoba hivi, na hata ukiwepo unaweza ukashinda kwenye gari kutwa nzima kundi limesimama ukingoni linasita weee, mwisho linageuka. Mimi ningekwambia nenda Ndutu Februari, majani ya kule mafupi lakini yana madini kwa sababu ya majivu ya volkano, ndo maana majike wanazalia pale, ndama laki kadhaa ndani ya wiki chache, na simba, duma, fisi wote wamejaa. Ila Ndutu iko kusini kabisa, sasa mtu anabuku loji Kogatende mwezi wa pili kisa bei imeshuka, halafu anamlaumu dereva. Uliza kambi iko wapi kabla hujatuma hela.