Kuchambua Filamu Fupi ya Kuchekesha: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wanafunzi wa filamu hapa Dodoma wanapotakiwa kuchambua filamu fupi ya kuchekesha kabla ya kutengeneza ya kwao, wengi huiona kazi hiyo kuwa ni kupoteza muda. Nami niliiona hivyo, na dhana zilizonipotosha bado nazisikia kila muhula.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kichekesho kikichambuliwa hufa. Ukweli ni kwamba kinachopotea ni mshangao wa mara ya kwanza tu, na huo ni mali ya mtazamaji, si ya mtengenezaji. Chukua L'Arroseur arrosé (yaani "Mmwagiliaji aliyemwagiwa") ya Louis Lumière, Mfaransa aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa sinema, iliyooneshwa Paris tarehe 28 Desemba 1895, na ambayo haifiki dakika moja. Mtunza bustani anamwagilia, mvulana anamnyemelea kwa nyuma na kuukanyaga mpira wa maji, maji yanakatika, mtunza bustani anachungulia mdomo wa mpira, mvulana anainua mguu. Kicheko hakitokani na maji yanayomrukia usoni, bali kinaanza katika zile sekunde chache ambazo sisi tunajua jambo ambalo yeye halijui. Kisha mvulana anakimbia, anakamatwa, na anaburutwa kurudishwa mbele yetu ndipo achapwe. Kwa nini arudishwe? Kwa sababu kamera haisogei, na adhabu ambayo mtazamaji haioni haiwezi kumchekesha. Jambo hilo sikuliona hadi nilipoitazama kwa mara ya nne.

Wengine hudhani kwamba kuchambua ni kusimulia kisa upya. Huo ni muhtasari. Uchambuzi unahitaji saa na daftari: andika namba ya shoti (kipande cha picha kilichorekodiwa mfululizo bila kukatwa), urefu wake kwa sekunde, anachokijua mtazamaji na anachokijua mhusika. Safu hizo mbili za mwisho zikitofautiana, hapo ndipo penye kichekesho.

Ipo pia imani kwamba mwigizaji akikunja uso, akivaa kitambi cha nguo na kubadili lafudhi, kazi imekwisha. Mtunza bustani wa Lumière hafanyi lolote la kuchekesha: anachunguza mpira wake kwa makini, kama mtu yeyote ambaye maji yamemkatikia.

Dhana iliyonigharimu zaidi ni ile ya kuamini kwamba filamu uliyoichambua ndiyo ya kuigwa. Bustani na mpira wa maji si picha ya mtaa wetu. Kinachofaa kuchukuliwa ni mpangilio wa nani anajua nini, na lini. Kwa hiyo tuliandika habari ya kijana muuza maji anayevuta mkokoteni wa madumu huko Ng'ong'ona, hapa hapa Dodoma, huku mtoto akiwa amemlegezea kifuniko cha dumu la nyuma. Kadiri maji yanavyomwagika ndivyo mkokoteni unavyokuwa mwepesi, naye, akidhani amepata nguvu mpya, anazidi kuongeza mwendo.

Tulipoihariri mara ya kwanza, tuliweka shoti ya karibu ya uso wake wenye furaha, na darasa zima likatazama kimya. Niliporudi kwenye daftari nikaona kosa: uso ule, uliojaza fremu nzima, ulikuwa umelificha dumu, kwa hiyo mtazamaji hakujua zaidi ya kijana mwenyewe. Isitoshe, upepo wa mchana ulikuwa umeivuruga sauti yote. Tulirudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaanza, tukaisimamisha kamera mbali na kurekodi shoti moja pana isiyokatwa, ambamo kijana anakuja mbio kuelekea kwetu na mstari mweusi wa maji unarefuka nyuma yake juu ya vumbi. Safari hii darasa lilianza kucheka wakati kijana bado yuko mbali, muda mrefu kabla hajageuka kuliangalia dumu.