Nani alimpikia askari wa Uswidi?

Kuna kisa cha zamani kuhusu Karl XII, mfalme wa Uswidi. Jeshi lake limezama ndani ya milki ya Urusi, baridi inakata, chakula kimekwisha. Askari mmoja anamsogelea na kumwonyesha kipande cha mkate mweusi uliota ukungu, analalamika. Mfalme anaupokea, anautafuna taratibu mpaka unaisha, kisha anamjibu kwamba si mtamu, ila unalika.

Kisa hiki husimuliwa kumsifu mfalme kwa uvumilivu wake. Mimi nikikisoma huwa nawaza mkate. Nani aliuoka? Ulikaa wapi mpaka ukaota ukungu? Na mfalme aliyeitetemesha Ulaya ya Kaskazini alikosaje mtu wa kumwita na kumuuliza, "Bwana, huu ndio mkate gani unaowapa watu wangu?"

Je, wajua kwamba mtu huyo hakuwepo, angalau si kama tunavyomfahamu katika majeshi ya leo? Uswidi iliingia katika vita vikubwa vya Ujerumani mwaka 1630. Kikosi chake maalumu cha maofisa wa ugavi na utawala wa jeshi la nchi kavu, kiitwacho Intendenturkåren, kiliundwa mwaka 1880. Hapo katikati kuna miaka 250, na katika miaka hiyo nchi hii ilipata himaya kisha ikaipoteza. Lilikuwa linakula nini jeshi hilo muda wote huo?

Kwanza lilikula cha watu. Mfalme Gustav II Adolf alipotua Usedom, kwenye pwani ya kaskazini ya Ujerumani, mwaka huo wa 1630, alikuwa na askari 13,000 hivi. Miaka miwili baadaye waliokuwa chini ya bendera yake walizidi 100,000, wengi wao Wajerumani wa kukodiwa. Uswidi ilikuwa nchi maskini, ya watu wachache na mashamba yaliyofunikwa na theluji nusu ya mwaka. Isingeweza kulisha umati ule hata ingetaka. Kanuni ya enzi ile ilikuwa kwamba vita vijilishe vyenyewe. Jenerali aliufikia mji, akaupelekea barua: leteni kiasi hiki cha fedha na kiasi hiki cha nafaka, la sivyo tunachoma. Kijijini hata barua haikuandikwa. Wajerumani walikuwa na jina la mateso waliyoyahusisha na askari hawa, Schwedentrunk, yaani "kinywaji cha Mswidi": mkulima alilazwa chali, kinywa kikapanuliwa kwa kijiti, akamiminiwa maji ya samadi mpaka aseme nafaka ameificha wapi. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikaa miaka 18, na mpini wa jembe akaufanya kuni.

Mpango wa namna hiyo una kasoro moja kubwa. Eneo likishaliwa limeliwa. Jeshi lililazimika kuhama si kwa sababu adui yuko kule, bali kwa sababu huku hakuna tena ng'ombe. Na askari waliobaki kulinda ngome, wakila mabaki na kulala wamebanana, waliugua wakafa. Parokia ya Bygdeå, kaskazini mwa Uswidi, ilitoa vijana 230 kati ya mwaka 1621 na 1639. Waliokufa ni 215. Wengi wao hawakuuawa na risasi.

Si kwamba hapakuwa na karani hata mmoja. Mwaka huohuo wa 1630 ofisi ya masuala ya vita, Krigskollegium, ilianzishwa rasmi Stockholm, na kalamu zake zilifanya kazi kweli. Kazi yake mojawapo tunaielewa vizuri huku kwetu: kupambana na askari hewa. Kapteni aliyekuwa na watu 150 kwenye karatasi na 110 uwanjani alitia mfukoni posho za wale 40. Dawa yake ilikuwa ukaguzi. Askari walipangwa mstari, mmoja mmoja akaitwa jina na kuangaliwa, kisha akaandikwa: namba yake, umri, ametoka wapi, ana mke au hana. Madaftari hayo yapo mpaka leo katika hifadhi ya nyaraka za kijeshi, na Waswidi huyatumia kuwatafuta mababu zao. Lakini daftari halipiki. Lilijua askari ni wangapi, halikujua jioni watakula nini.

Jibu la pili ndilo linalonifurahisha zaidi. Mwaka 1682 mfalme Karl XI na bunge lake walianza kuupanga upya mfumo uitwao indelningsverket. Mashamba mawili au zaidi yaliunganishwa kuwa kundi moja, rote, na kila kundi likapewa jukumu la kumtunza askari mmoja. Wakulima walimjengea kibanda, wakamkatia kipande cha shamba, wakampa ujira na nguo. Wao wenyewe hawakuandikishwa jeshini kwa nguvu. Wakati wa amani askari alilima, akasaidia mavuno, akaenda mazoezini siku zake zikifika. Akifa, rote ilitafuta mwingine. Maofisa nao walipewa nyumba na mashamba ya serikali kulingana na vyeo vyao. Kikosi cha kawaida cha mkoa kilikuwa na watu 1,200, yaani kombania nane za watu 150, na nyuma ya kila mtu palikuwa na wakulima wanaomfahamu kwa jina.

Tena jina lenyewe lilikuwa la pekee. Katika kombania moja ungewakuta Anders Andersson hata sita, na sajini akiita mmoja wanaitika wote. Kwa hiyo askari alipewa jina fupi la kijeshi: Rask, yaani mwepesi, Modig, yaani jasiri, Sköld, yaani ngao, au Ek, ule mti wa mwaloni. Waswidi wengi leo wanabeba majina hayo bila kuwahi kushika bunduki.

Sasa utaona kwa nini kikosi cha ugavi hakikuonekana kuwa na haja. Bohari la jeshi lilikuwa nchi nzima. Gharama za askari hazikupita hazina ya Stockholm, zilitoka moja kwa moja kwenye ghala la mkulima kwenda kwenye sufuria ya mke wa askari. Bajeti gani ya ulinzi ni nafuu kuliko hiyo? Hata jeshi lilipohitaji kusafiri kwenda mpakani, palikuwa na utaratibu wa wakulima wa njiani kulilaza na kulilisha, kisha wakapunguziwa kodi.

Shida ni kwamba rote haisafiri. Askari akivuka bahari, wale wakulima wanaomfahamu kwa jina wamebaki nyuma, naye anarudi kwenye ule mpango wa kula cha watu. Na mwaka 1708 Warusi walikuwa wameshausoma. Walirudi nyuma wakichoma vijiji na nafaka, Karl XII akajikuta ameshinda mapigano katika nchi isiyo na hata punje. Tumaini lake lilikuwa jenerali Lewenhaupt, aliyekuwa njiani kutoka eneo la Riga na askari zaidi ya 12,000 na maelfu ya mikokoteni ya chakula na baruti. Barabara zilikuwa tope tupu, mikokoteni ilikwenda kwa mwendo wa ng'ombe. Mfalme alichoka kungoja, akageukia kusini kuelekea Ukraina. Mwisho wa Septemba Warusi waliukuta msafara ule peke yake pale Lesnaya. Usiku ule Waswidi waliteketeza na kutelekeza shehena yao wenyewe ili waweze kukimbia, na Lewenhaupt akamfikia mfalme wake akiwa na karibu nusu ya watu, bila mikokoteni. Alikuwa ameleta midomo elfu kadhaa zaidi, na chakula hakuna. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali kuliko mengi yaliyokumbukwa Ulaya. Mwaka 1709 wakashindwa Poltava, huko Ukraina. Mkate wenye ukungu ni wa miezi hiyo.

Ungedhani hapo somo lingeingia. Lakini mfumo wa rote ulikuwa na faida tamu mno, ukaendelea. Ulipasuka hadharani mwaka 1808, Urusi ilipoivamia Ufini ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi. Serikali iliita vijana 30,000 hivi wa nyongeza, lantvärnet, wasio na wake, wa miaka 18 hadi 25. Hawa hawakuwa na rote. Hakuna kundi la wakulima lililokuwa na wajibu wa kuwavisha, na serikali ilikuwa haijajifunza kuifanya kazi hiyo. Wakapelekwa pwani na visiwani bila nguo za kutosha wala viatu vya maana, wakalala mahali pabaya, homa ikaingia. Wakafa kwa maelfu, wengi bila kumwona Mrusi hata mmoja. Mwaka 1809 Ufini ikaenda.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kikosi cha 1880, ukiniuliza. Mwaka 1812 Uswidi ilianzisha utaratibu wa kila kijana wa kiume kuandikishwa, na kijana huyo, kama wale wa 1808, hana rote. Mwanzoni haikusumbua sana kwa kuwa mazoezi yalikuwa ya siku chache tu, na siku chache mtu anavumilia uji mbaya. Lakini siku ziliongezwa: 42 mwaka 1885, 90 mwaka 1892, kisha mwaka 1901 indelningsverket ikavunjwa kabisa na askari wa miguu wakatakiwa kukaa siku 240. Hesabu mwenyewe. Vijana elfu moja kwa siku 240 ni sahani zaidi ya laki mbili kwa mlo mmoja tu wa siku, na hapo hujawagusa farasi, ambao kila mmoja anataka kilo kumi hivi za nyasi kavu na nafaka kila kukicha. Kambi za mahema zikageuka makambi ya matofali mijini. Palihitajika jiko, bohari, fundi viatu, mfuaji, mikataba na wauza nyama, na mtu wa kusaini. Reli nayo ilikuwa imeshafika, ya Stockholm hadi Göteborg ilifunguliwa mwaka 1862, na vita vya Wajerumani na Wafaransa vya 1870 vilikuwa vimewaonyesha wote tofauti kati ya jeshi lililopangiwa treni zake na jeshi ambalo mabuti yako kituo kimoja na miguu iko kingine.

Wanakikosi wapya walikuwa na mavazi ya kijeshi, lakini vyeo vyao vilisikika vya ofisini: fältintendent, intendent. Ungedhani ni watu wa benki. Mikononi mwao vilikuwa chakula, malisho, nguo, malazi, fedha na mahesabu. Kubeba mizigo ni kazi ya wengine, vikosi vya usafirishaji viitwavyo träng, navyo vilizaliwa miaka hiyohiyo. Intendent aliamua kinunuliwe nini na kigawiwe vipi, träng wakakifikisha. Nadhani kila mwenye kazi hii, popote duniani, anajua hatima yake: kikipatikana hakuna anayekushukuru, kikikosekana jina lako linatajwa kila kona.

Vita vyao hawakuwahi kuvipata. Mara ya mwisho Uswidi kupigana ilikuwa mwaka 1814, dhidi ya Norwei. Mtihani wao mkubwa ulikuwa wa kukaa macho, kuanzia 1939 hadi 1945. Ujerumani ilipoziteka Denmark na Norwei Aprili 1940, bahari ilizibwa na mamia ya maelfu ya wanaume wakaitwa kulinda mipaka. Kahawa iligawiwa kwa kadi, na Mswidi bila kahawa ni kama Mwarabu wa Muscat bila kahawa: anakuwepo tu. Petroli ilipokauka, magari zaidi ya 70,000 nchini yalifungwa majiko ya kuchomea kuni na mkaa, gesi yake ndiyo ikaendesha injini. Makambini, wanawake wa chama cha Lotta, kilichoanzishwa na Tyra Wadner mwaka 1924, walisimama kwenye masufuria na simu. Katika miaka hiyo walifika zaidi ya 100,000. Na siku nyingi kilichookoa ni knäckebröd, mkate mkavu wa unga wa rai, mwembamba kama sahani, unaokatika kwa mlio. Zamani ulitobolewa katikati ukatungwa kwenye mti darini, ukakaa miezi bila kuota ukungu. Karl XII angeufurahia.

Mwaka 1966 kikosi cha jeshi la nchi kavu kiliunganishwa na wenzao wa matawi mengine ya ulinzi kuwa kikosi kimoja cha maintendent. Ilikuwa miaka 86 tangu kizaliwe. Manunuzi yakaenda kwenye idara ya zana za ulinzi, FMV, iliyoundwa mwaka 1968, na leo wanaoendeleza kazi ya ugavi ni kikosi cha träng, T2, chenye makao yake Skövde.

Kitu kimoja cha jikoni kimevuka mageuzi yote. Siku ya Alhamisi askari wa Uswidi hula supu ya njegere kavu za manjano na nyama ya nguruwe, haradali pembeni, kisha chapati za maji na jamu. Mazoea hayo ni ya tangu enzi za Ukatoliki, watu walipokula nyama ya kushibisha Alhamisi kwa kuwa Ijumaa ilikuwa ya mfungo. Uprotestanti ukaja, mfungo ukaisha, supu ikabaki. Hata mfalme Erik XIV inasemekana aliuawa kwa bakuli la supu hiyo mwaka 1577, akiwa kifungoni Örbyhus, na mabaki yake yalipochunguzwa mwaka 1958 yalikutwa na sumu ya aseniki nyingi. Hilo halikuiondoa mezani. Mpishi wa kambi anairoweka njegere Jumatano usiku, na asubuhi inapanda jikoni.