Shule mbadala si jalala la waliofeli

Kila tunapokutana na wazazi, neno "shule mbadala", yaani shule inayofundisha kwa njia tofauti na ya kawaida, likitajwa tu, mtu ananyoosha mkono: huko si ndiko wanakopelekwa watukutu? Wapo wanaopelekwa, hatukatai. Lakini The Met, sekondari ya umma isiyo na ada mjini Providence, jimbo la Rhode Island, Marekani, haikuanzishwa kwa ajili hiyo. Dennis Littky na Elliot Washor waliifungua mwaka 1996 wakiamini kwamba kila mtoto afundishwe kwa kuanzia kwenye kile kinachomvutia.

Kule mwanafunzi ana mwalimu mlezi mmoja, mwenye kundi la watoto wapatao 15, na kwa kawaida hukaa nao miaka minne. Mlezi, mzazi na mtoto hukaa meza moja wakaandika mpango wa masomo wa mtoto huyo peke yake. Jumanne na Alhamisi hashindi darasani. Yuko kwenye uanagenzi, akijifunza kazi mahali alipopatafuta mwenyewe kwa kusaidiwa na mlezi.

Tuchukue aliyechagua gereji. Injini inayochemsha itamlazimisha asome habari za joto na shinikizo. Bili ya mteja ni asilimia tupu. Na kumweleza mwenye gari kwa nini breki zibadilishwe leo, si mwezi ujao, ni somo la lugha. Kila robo ya mwaka anasimama mbele ya mlezi, mzazi, wenzake na fundi wake, anaeleza alichojifunza huku akiulizwa maswali. Hapo kukariri hakumsaidii, maana fundi alikuwepo. Badala ya A au D, mlezi humwandikia maelezo marefu.

Wengi huvutiwa na habari za gereji. Mimi naiangalia ile 15. Mlezi wa watoto 15 anajua nani kaja bila kula na nani anajificha kila hesabu za sehemu na desimali zikitajwa. Mwalimu wa darasa la 70, hata awe na moyo kiasi gani, huishia kuwajua wawili: anayeongoza na anayesumbua.

Watanzania watakumbuka Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya 1967, nayo haikutaka masomo yatengane na kazi. Ila pale shamba lilikuwa la shule nzima, kila mtu na jembe lake. The Met kila mtoto ana shamba lake.

Udhaifu upo, hasa kwenye hisabati. Aljebra haiji gereji kwa mpangilio wa kitabu, kwa hiyo lazima itengewe saa zake, la sivyo mtoto atafika chuoni na mapengo.

Mzazi akionyeshwa shule inayojinadi kwa mtindo huu, aulize mlezi mmoja ana watoto wangapi. Aulize hisabati imetengewa saa ngapi kwa wiki. Kisha aulize: mwanangu asipofika kazini Jumanne asubuhi, ni nani atakayenipigia simu?