Montiri: mdomo wa kamera na lenzi inayoukubali

Mpwa wangu anaishi Ubelgiji. Alipokuja hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa harusi ya dada yake alinitolea mkobani objektifu mpya, ingali katika boksi lake: milimita 50 (ndiyo namba ya jinsi lenzi inavyovuta vitu karibu), f/1.8 (ndiyo namba ya tundu lake la mwanga). "Mjomba, si uko na Canon? Na hii ni Canon." Nilimshukuru, nikafungua apareyi yangu, Canon 700D iliyozeeka nami, nikaweka lenzi mdomoni na kuzungusha. Haikushika. Nikarudia, wageni wa harusi wakinitazama kama fundi aliyeshindwa kufungua duka lake mwenyewe. Lenzi nzima, kamera nzima, jina moja juu ya zote mbili. Tofauti ilikuwa ya herufi tu: kamera yangu ni ya EF, lenzi ile ni ya RF.

Herufi hizo ndizo jina la montiri. Neno ni la Kifaransa, nasi tumelimeza kama tulivyomeza objektifu na flashi. Anayetaka Kiswahili kitupu aseme mdomo wa kamera. Ni ile pete ya chuma inayobaki wazi ukitoa lenzi, pamoja na pete mwenzake iliyo nyuma ya lenzi. Simu haina, na kamera ndogo za mfukoni hazina, kwa kuwa lenzi zao hazitoki. Ukinunua kamera ambayo lenzi yake inatoka, umenunua mdomo, na mdomo huo ndio utakaokuamulia lenzi zote utakazobeba safarini miaka kumi ijayo. Kamera yenyewe itachakaa au utaiuza. Lenzi hukaa.

Ili lenzi na kamera zielewane, mambo matatu lazima yakubaliane. Kwanza meno: pete moja ina meno, nyingine ina nafasi zake, unaingiza na kuzungusha hadi usikie "tak". Pili umeme: vile vidoti vya rangi ya dhahabu ndivyo kamera inavyotumia kuiambia lenzi itafute fokasi, yaani picha iwe wazi bila ukungu, au ifunge tundu lake la mwanga. EF ina vidoti 8, RF ina 12. Tatu, na hili ndilo wengi hawalioni kwa macho, umbali. Kutoka kwenye pete hadi kwenye sensa, kile kibao kinachopokea mwanga mahali palipokuwa pa filamu, kuna kipimo kisichobadilika. Kwa EF ni milimita 44. Kwa RF ni 20.

Watu wa kwetu hupima mdomo kwa jicho, na hapa jicho linadanganya. EF na RF zina upana uleule, milimita 54. Ukizishika pamoja utaapa ni ndugu wa tumbo moja.

Mbona umbali utofautiane? Kwa sababu ya kioo. Kamera za aina ya 700D zina kioo ndani, kinachokuletea picha jichoni na kuruka juu unapobonyeza. Ile "kla" unayoisikia ni yeye. Kioo kinahitaji nafasi ya kupanda na kushuka, kwa hiyo lenzi inakaa mbali na sensa. Kamera mpya zimetoa kioo. Unachokiona ni skrini ndogo, na lenzi imesogezwa karibu. Canon walianza EF mwaka 1987 na RF mwaka 2018. Nikon wana mdomo wa F tangu 1959, wenye milimita 46.5, na mwaka huohuo wa 2018 wakaleta Z, yenye 16 tu.

Sasa adapta, kitu ambacho kila muuza kamera atakuahidi. Adapta ni bomba fupi lenye mdomo mmoja huku na mwingine kule, na kazi yake ni kujaza umbali unaopungua. Lenzi ya EF inataka milimita 44. Kamera ya RF inatoa 20. Weka bomba la 24 katikati, unganisha vidoti vya umeme, na lenzi ya zamani inafanya kazi kama iko nyumbani. Geuza sasa upande wa pili: lenzi ya mpwa wangu inataka kukaa milimita 20 kutoka kwenye sensa, na kamera yangu imeshaisukuma hadi 44. Ningehitaji adapta ya kupunguza milimita 24, yaani kuchimba ndani ya kamera palepale kioo kinapopita. Hata ningeifunga kwa kamba, ingeona vitu vilivyo karibu na pua yake tu, na upande wa pili wa Ziwa Kivu ungekuwa ukungu mtupu. Kwa hiyo lenzi za zamani hupanda kwenye kamera mpya. Lenzi mpya hazishuki kwenye kamera za zamani. Muuzaji akikuambia "adapta yake ipo", muulize inatoka wapi kwenda wapi.

Kuna mitego mingine ndani ya nyumba moja. Nikon walishikilia mdomo wao wa F miaka mingi, jambo la heshima, lakini lenzi zao za zamani zilizoandikwa AF au AF-D hazina mota ya kutafuta fokasi. Mota iko ndani ya kamera kubwa kubwa. Zile ndogo, ukoo wa D3000 na D5000, hazina. Ukiunganisha hizo mbili lenzi itaingia, itafunga, picha itatoka, lakini fokasi utaitafuta kwa vidole. Tafuta herufi AF-S. Canon waliweka mota ndani ya kila lenzi ya EF tangu mwanzo, ndiyo maana lenzi ya miaka ya 1990 bado inafokasi kwenye 700D yangu bila manung'uniko. Lakini nao wana EF-S, iliyokuja 2003 kwa kamera zenye sensa ndogo tu. Ukiwa na kamera yao ya EF yenye sensa kubwa, EF-S haipandi.

Sony wana E tangu 2010. Fujifilm wana X tangu 2012. Olympus na Panasonic waliamua mwaka 2008 kutumia mdomo mmoja wenye sensa ndogo zaidi, na lenzi zake ni nyepesi kiasi cha kukaa katika mfuko wa koti. Leica, Panasonic na Sigma wana mdomo wa L. Na Sigma hapo isikuchanganye: Sigma na Tamron hutengeneza lenzi ileile kwa midomo tofauti. "Lenzi ya Tamron" haitoshi kuwa jibu. Tamron ya mdomo gani?

Ukubwa wa sensa unahusika na safari kuliko watu wanavyodhani. Sensa kubwa ni milimita 36 kwa 24, sawa na filamu tuliyoizoea kwenye studio za zamani. Sensa ndogo ya Canon ina upana wa milimita 22 na kidogo. Lenzi ile ile, ikimwaga picha ile ile, sensa ndogo inakata kipande cha katikati tu, na picha inaonekana imevutwa karibu mara 1.6. Kwa Nikon, Sony na Fujifilm ni mara 1.5, kwa Olympus mara 2. Kwa hiyo milimita 50 kwenye kamera yangu huona kama 80. Ni nzuri kwa uso wa mtu, ni balaa ndani ya chumba.

Anayepanga safari, basi, asianze na kamera. Aanze na anachotaka kupiga, kipi kitabaki nyumbani, ndipo mdomo utajichagua wenyewe.

Chukua mgeni aliyefika Bukavu kwa siku nne. Siku ya kwanza atapanda boti kuelekea kisiwa cha Idjwi au mji wa Goma, na mji utajifungua nyuma yake: rasi zinazoingia ziwani kama vidole, nyumba zikipanda mlima hadi juu. Hapo anahitaji lenzi pana, milimita 16 au 18 kwenye sensa ndogo. Jua ni kali, f yoyote inatosha. Hili halina hadithi.

Siku ya pili Kahuzi-Biega, na hapa ndipo watu hupotea. Mbuga hiyo, iliyoanzishwa 1970, ni makao ya sokwe wakubwa (gorila) wa nyanda za chini za mashariki, na mgeni husikia "wanyama wa porini" akakimbilia lenzi ya milimita 500. Tupige hesabu. Sokwe hutazamwa kwa umbali wa mita 7 au zaidi kidogo. Kwa mita 7, lenzi ya 500 kwenye sensa ya milimita 22 inaona upana wa sentimita 31. Hiyo ni pua na jicho moja, wala si sokwe. Milimita 70 inaona upana wa mita 2 na zaidi: baba mzima na mianzi aliyoikalia. Kinachokosekana msituni ni mwanga, na flashi hairuhusiwi. Namba ya f ndiyo inayokuokoa, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo tundu lilivyo kubwa. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6. Pale mwenzako anapopandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, hadi 6400 na picha kujaa chembechembe, wewe uko 1600. Kwa hiyo kwa sokwe, zumu (lenzi inayobadilisha milimita) ya 70-200 yenye f/2.8 kama una pesa na bega imara. Kama huna, lenzi yoyote ya 50 au 85 yenye f/1.8, ndogo, ya bei ya chini, itakupa picha safi zaidi ya zumu ndefu yenye giza. Nasema hivi nikijua wenye zumu watachukia.

Usiku ni ziwani tena, wavuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo, na taa zao zikiwa zimetandazwa juu ya maji. Boti inayumba, kwa hiyo tripodi haikusaidii kitu. Ni f/1.8 tena.

Halafu soko la Kadutu. Hapo fizikia inaisha na adabu inaanza. Lenzi nyeupe yenye urefu wa mkono huwafanya akina mama wafunike nyuso na vijana waulize unafanya kazi ya nani. Lenzi fupi hukulazimisha usogee, na ukisogea lazima usalimie, na ukisalimia utaomba. "Mama, naomba nikupige picha na hizo ndizi." Akikataa, nunua ndizi uende. Karibu na daraja la Ruzizi, mpakani, au penye askari, kamera ikae mkobani, yenye lenzi fupi au ndefu.

Ukijumlisha, safari yote ilihitaji lenzi mbili: zumu moja ya kawaida, tuseme 18-55 au 17-50, na moja ndogo yenye f/1.8. Swali la kumuuliza muuzaji linakuwa rahisi: mdomo upi una lenzi hizi mbili kwa bei yangu, na nikihitaji ya tatu nitaipata wapi? Kwetu, ambako vingi ni vya okazyo, vilivyokwisha tumika, EF na F bado zinashinda. Zimetapakaa, kuna wa kukuazima na kuna wa kukuuzia, na adapta ya kupanda kwenye kamera mpya ipo siku ukiweza. Anayenunua vipya vyote Ulaya na kupenda mzigo mwepesi, E au X au ule mdomo wa Olympus na Panasonic utamfaa zaidi.

Ukiwa mbele ya muuzaji, toa kofia za nyuma na utazame alama. Lenzi ya EF ina doti nyekundu, EF-S ina mraba mweupe, RF ina mstari mwekundu. Kamera yako ina alama yake, zikutanishe. Canon huzunguka kama saa inavyokwenda, Nikon kinyume chake ukiitazama kamera usoni. Usilazimishe. Washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Huku kwetu mvua inaipenda kazi hiyo, na haifutiki kwa kitambaa. Piga picha mbili, moja karibu na moja mbali kabisa, nje ya duka. Na kama unaendelea hadi Goma, ule udongo mweusi wa volkano ya Nyiragongo unasagika kuwa vumbi kali. Unapobadilisha lenzi, inamisha mdomo chini, mgongo wako kwenye upepo.

Lenzi ya mpwa wangu ilikaa kabatini wiki tatu. Kisha fotografe mmoja wa harusi, aliyekuwa amehamia kamera za RF, akapita nyumbani kunidai adapta niliyomuazima muda mrefu uliopita, adapta ambayo mimi ndiye niliyekuwa naidai kwake. Tulipomaliza kucheka alichukua ile 50 mpya, akaniachia 50 yake ya zamani ya EF pamoja na nauli ya boti hadi Idjwi. Niliizungusha mdomoni. Tak.