Hijabu na kukataza mabaya: faradhi mbili zinazochanganywa

Madhehebu makubwa ya Sunni na Shia yamekubaliana kwamba hijabu ni faradhi. Wapo wanaolichukua neno hilo wakaruka nalo hadi jingine, wakadhani kwamba kila Mwislamu amepewa ruhusa ya kumsimamisha mwanamke njiani na kumrekebisha mtandio. Hapo faradhi mbili zimechanganywa. Kujisitiri ni faradhi ya mwenye mwili wake. Kuamrisha mema na kukataza mabaya ni faradhi nyingine, yenye mlango wake katika vitabu vya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, masharti yake na daraja zake, na kwa wanazuoni wengi ni faradhi ya kutosheleza, ambayo wakiitekeleza baadhi huwaondokea wengine.

Dhana iliyo nyepesi kuivunja ni ile ya kwamba stara inamhusu mwanamke peke yake. Aya ya 30 ya Sura An-Nur inawaamuru kwanza wanaume wainamishe macho na wahifadhi tupu zao. Aya ya 31 ndiyo inayowaamuru wanawake hayo hayo, pamoja na kuangusha shungi zao vifuani. Anayemkodolea macho msichana asiyejifunika ili apate la kumkataza ameivunja aya ya kwanza kabla hajafika ya pili.

Dhana nzito zaidi imejengwa juu ya hadithi ya Abu Said al-Khudri iliyomo katika Sahihi Muslim: atakayeona jambo ovu aliondoe kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi wake, asipoweza kwa moyo wake, na huo ndio udhaifu wa mwisho wa imani. Wengi huisoma kana kwamba mkono ndio wa kuanza nao, tena mkono wa yeyote. Isomwe pamoja na kisa chake, ambacho mimbarini hurukwa mara nyingi ingawa ndicho kinachoifungua. Marwan bin al-Hakam alitanguliza hotuba kabla ya sala ya Idi, na mtu mmoja akasimama akamwambia kwamba sala ndiyo inayotangulia. Abu Said akasema kwamba mtu huyo ametimiza yaliyo juu yake, kisha akaisimulia hadithi. Aliyesifiwa hapo hakunyanyua mkono. Alitumia ulimi, na aliyekatazwa alikuwa mtawala, si mpita njia asiye na wa kumtetea.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizipanga daraja za kazi hii kwa utaratibu mrefu: kumjulisha mtu asiyejua huja kwanza, nasaha ya upole hufuata, na maneno makali hayafikiwi mpaka upole umeshindikana. Aliweka pia masharti juu ya jambo lenyewe linalokatazwa, nalo ni kwamba liwe ovu kweli, liwepo wakati huo, lidhihiri bila kupelelezwa, na uovu wake ujulikane pasipo kuhitaji ijtihadi, yaani juhudi ya mwanachuoni ya kutafuta hukumu. Kuchungulia picha katika simu ya mtu ili kujua nyumbani kwake huvaa nini kumeanguka katika sharti la tatu, na Sura Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza upelelezi waziwazi. Na mwanamume anayemshika mwanamke asiye maharimu wake, yaani asiye jamaa wa karibu aliyeharamishiwa kumwoa, ili amfunike amefanya munkari (jambo ovu) mwingine juu ya ule wa kwanza, ilhali kanuni ya mafakihi ni kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

Sharti la nne ndilo linalosahauliwa zaidi. Imam an-Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, ameandika kwamba wanazuoni hukataza lile lililokubaliwa na wote kuwa ni haramu, ama lenye hitilafu halina makatazo. Kufunika uso ni katika yenye hitilafu: kwa Wahanafi na Wamaliki uso na viganja si uchi, na hata ndani ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, zipo kauli zaidi ya moja. Basi anayemkemea mwanamke wa buibui kwa sababu hakuvaa nikabu anapigania kauli ya mwanachuoni wake tu.

Wengine hudhani kwamba adhabu ya kuacha hijabu imetajwa katika Qurani. Haikutajwa. Iran, ambako sheria ya mwaka 1983 iliweka viboko hadi 74, iliiingiza katika mlango wa taaziri, yaani adhabu inayokadiriwa na mamlaka. Fiqhi ya Jaafari yenyewe, ambayo ndiyo ya Mashia wa Iran, kwa kauli iliyo mashuhuri, inashurutisha kwamba mkatazaji awe na matarajio ya kusikilizwa na kwamba katazo lake lisizae madhara. An-Nawawi, kwa upande wa Sunni, haoni kwamba kudhani hutasikilizwa kunaondoa wajibu. Kifo cha Mahsa Amini, msichana aliyekamatwa na polisi wa maadili mjini Tehran kwa madai ya kutovaa hijabu sawasawa, Septemba 2022, kiliirudisha mezani hoja ya madhara. Kifungu cha 8 cha katiba ya nchi hiyo kinautaja wajibu huu wa kuamrisha mema na kukataza mabaya kwa pande tatu: watu kwa watu, serikali kwa watu, na watu kwa serikali.

Upande wa pili, wa wanaokatazwa, nao una dhana yake: "Wewe mwenyewe husali, utanikatazaje?" Jibu hilo ni tamu mdomoni lakini kifiqhi halisimami, kwa kuwa al-Ghazali na an-Nawawi wote wawili wamesema kwamba mkatazaji hashurutishwi kuwa hana dhambi. Mama anayemwambia bintiye kwa upole ajisitiri yumo ndani ya wajibu wake, hata kama shungi lake mwenyewe huteleza siku za joto.