Kiyoyozi cha volti 48 katika nyumba isiyo na gridi

Kiyoyozi cha volti 48 hakipozi chumba kwa umeme mdogo kuliko kiyoyozi cha volti 230 chenye kompresa ya ubora uleule. Naanza na kauli hii kwa sababu watu wengi wanaojenga mbali na gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Mafia na Kilwa, hunijia wakiwa wameshaaminishwa na wauzaji kwamba volti ndogo maana yake ni matumizi madogo. Joto linalopaswa kutolewa chumbani ni lilelile, na kazi ya kulitoa hupimwa kwa wati. Hata viyoyozi vya kisasa vinavyochomekwa kwenye umeme wa kawaida, vile ambavyo kompresa yake hubadilisha mwendo, huugeuza kwanza umeme huo kuwa wa mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri) ndani yake kabla ya kuendesha mota.

Faida ya kweli ya volti 48 ni kwamba kiyoyozi kinakula moja kwa moja kwenye betri, hivyo inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, inaweza kuzimwa usiku. Inverta ya kilowati 3 hadi 5 kwa kawaida hutumia wati 30 hadi 60 hata pasipo kifaa chochote kilichowashwa. Ikiwa ni wati 50, kwa saa 24 imemaliza uniti 1.2 (uniti ni wati 1,000 kwa saa moja) bila kumfaidi mtu. Lakini kama friji yako ni ya volti 230 na lazima inverta ibaki imewashwa kwa ajili yake, sehemu kubwa ya faida hiyo imekwisha, na huenda ukafanya vizuri zaidi kununua kiyoyozi cha kawaida ambacho vipuri vyake vinapatikana na mafundi wa mji wowote wanakifahamu. Swali hili la friji ndilo ninalouliza kwanza, kabla hata ya ukubwa wa chumba.

Volti 12 kwa kiyoyozi siishauri kabisa, isipokuwa ndani ya gari. Mzigo wa wati 1,000 huvuta ampea 83 kwenye volti 12, ampea 42 kwenye volti 24, na ampea 21 kwenye volti 48, na umeme unaopotea ndani ya waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha ampea hizo. Chukua waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, betri ikiwa mita 10 kutoka kwenye kiyoyozi: kwenye volti 12 utapoteza karibu volti 2 njiani, na takriban wati 160 zitaishia kuupasha waya moto, ilhali kwenye volti 48 waya uleule hupoteza nusu volti na wati 10 tu. Nikifungua kasha la mfumo wa volti 12 uliobebeshwa mzigo wa namna hii, mara nyingi naikuta plastiki ya waya karibu na terminali imegeuka kahawia na kukakamaa, na skrubu imelegea kwa sababu kila siku inapata moto na kupoa.

Wala mtu asidhani kwamba volti 48 ni mchezo. Ni kweli haimrushi mtu kama volti 230, lakini spana ikidondoka na kuziunganisha terminali mbili za betri, ampea zinazopita zinatosha kuyeyusha chuma na kumwunguza fundi macho. Umeme wa mkondo geu (AC, ule wa kawaida wa nyumbani) wa hezi 50 hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, jambo linalosaidia cheche kuzimika swichi inapofunguliwa. Mkondo mnyoofu hauna nafasi hiyo, na cheche yake inaweza kuendelea kuwaka ndani ya swichi mpaka iteketee. Kwa hiyo swichi, fyuzi na kikata umeme viwe vimeandikwa na mtengenezaji kuwa ni vya DC, kwa volti na ampea zinazohusika. Viko pia viyoyozi vinavyouzwa kwa jina la sola ambavyo huunganishwa moja kwa moja na mfululizo wa paneli zenye volti mia kadhaa. Hivyo si vya volti ndogo hata kidogo, na umeme wake unaua.

Sasa tuje kwenye hesabu ya usiku, kwa maana hapo ndipo mfumo hufaulu au hushindwa. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 4, chenye dari nzuri, kinatoshwa na kiyoyozi cha BTU 9,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), ambacho kinapofanya kazi kwa nguvu zote hula takriban wati 700 hadi 900. Kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, tuseme saa ya kwanza imekula wati 700 na nane zilizobaki wastani wa wati 300: jumla ni uniti 3.1. Betri ya lithiamu fosfeti ya volti 51.2 na ampea-saa 100 hubeba uniti 5.12, na ukitumia asilimia 80 unapata 4.1, kwa hiyo chumba hicho kimoja kinawezekana na taa zikabaki. Vyumba vitatu haviwezekani kwa betri hiyo, na betri ya asidi ya ukubwa huo, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, isingefika asubuhi. Kwa upande wa paneli, ukihesabu saa 5 za jua kamili na hasara za njiani, hasa joto linalopunguza nguvu ya paneli juu ya paa la pwani, tenga kilowati 0.9 kwa ajili ya kiyoyozi peke yake.

Jambo la kutia moyo ni kwamba msimu mgumu wa joto pwani, yaani kipindi cha kaskazi kuelekea Machi, ndio wenye jua kali, na masika yanapoleta mawingu haja ya kupoza nayo hupungua. Tena, betri ikijaa saa 8 mchana na jua bado liko, washa kiyoyozi wakati huo ukipoze chumba mapema, kwa sababu umeme huo usipoutumia unapotea.

Hata hivyo hesabu yote hii inasimama juu ya neno dari. Chini ya bati tupu, kiyoyozi hicho hakitapumzika, na wastani wa wati 300 utakuwa ndoto. Kabla ya kununua betri ya pili, paka bati rangi nyeupe, weka dari yenye kizuia joto, acha matundu hewa ya moto itoke juu ya dari, na kinga madirisha ya magharibi. Nyumba za mawe ya matumbawe zina tabia yake: kuta nene huchelewesha joto la mchana na kulitoa usiku, hivyo zinahitaji upepo upite jioni kabla ya kufunga madirisha. Panga boi lenye mota isiyo na brashi hula takriban wati 30, wakati la kawaida hula kama 75, na likizunguka unaweza kuridhika na nyuzi 27 badala ya kushuka hadi 22. Kwa nyumba nyingi ninazozikagua, paa lililorekebishwa hivyo na panga boi vingetosha miezi mingi ya mwaka.

Chumvi ya bahari hula mapezi ya alumini ya sehemu ya nje ya kiyoyozi. Chagua chenye mapezi yaliyopakwa kinga, na kioshe kwa maji yasiyo ya chumvi mara kwa mara. Angalia pia gesi ya kupozea iliyo ndani ya kiyoyozi. Makubaliano ya kimataifa yaitwayo Marekebisho ya Kigali, ya Oktoba 2016, yanapunguza hatua kwa hatua gesi kama R410A, ambayo uwezo wake wa kupasha dunia joto ni mara 2,088 ya kabonidioksidi. R32 ni 675, ila inaweza kushika moto, hivyo ijazwe na fundi aliyefunzwa.

Nyanda za juu mambo hugeuka. Makete, au Limuru upande wa Kenya, tatizo ni baridi ya Juni hadi Agosti, na hapo nasema bila kusita: usitoe joto la chumba kwenye betri kwa hita ya waya. Hita ya wati 2,000 kwa saa 4 hula uniti 8, karibu mara mbili ya uniti 4.1 unazopata kwenye betri niliyoitaja. Kiyoyozi chenye uwezo wa kugeuza mzunguko wa gesi huleta takriban uniti 3 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme, lakini soma kibandiko, maana vingi vya volti 48 hupoza tu. Blanketi la umeme la wati 50 hula uniti 0.4 kwa saa 8, na humpasha mtu mwenyewe badala ya ukuta. Kupasha lita 50 za maji ya kuoga kutoka nyuzi 15 hadi 45 kunataka karibu uniti 1.75, kazi ambayo mtambo wa maji ya jua juu ya paa huifanya bila kugusa betri. Jiko la mkaa lisilazwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na imeua familia zikiwa usingizini.

Na kwa wanaoishi karibu na uwanda wa Kitulo, jirani na Makete, kwenye takriban mita 2,600 ambako usiku umande huganda: betri ya lithiamu fosfeti haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0. Iweke ndani ya nyumba, si kwenye banda la nje, na hakikisha mfumo wake wa ulinzi unakata chaji wenyewe kwenye baridi hiyo.