Mchoro wa karamu wa Flanders si picha ya ukoo

Kila mchoro wa kale wa Ulaya wenye watu mezani, bilauri mkononi na vinywa wazi, siku hizi hubandikwa maelezo yale yale: "Familia tajiri ya Antwerp ikisherehekea." Familia ya nani?

Mchoro wa karamu ya furaha ni aina ya uchoraji iliyostawi Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji ya leo, katika karne ya 16 na 17. Huonyesha watu wasio na majina wakila, wakinywa, wakiimba. Maana ni hiyo tu, na uzito wote uko kwenye "wasio na majina".

Mtazame Jacob Jordaens, mchoraji wa Antwerp. Alirudia mara kadhaa karamu ya Epifania, sikukuu ya Kikristo ya Januari 6. Punje ya haragwe hufichwa ndani ya keki; atakayeikuta kwenye kipande chake ndiye mfalme wa usiku huo. Wenzake hupewa vyeo, kuanzia mnyweshaji hadi mchekeshaji, na kila mara mfalme akiinua bilauri wote hupaza sauti: "Mfalme anakunywa!" Kwenye mchoro ulioko Vienna, juu ya vichwa vya walaji kuna maneno ya Kilatini yasemayo kwamba hakuna afananaye na mwendawazimu kuliko mlevi. Sidhani kuna baba mwenye nyumba angelipa fedha zake ili ukoo wake utundikwe ukutani chini ya maneno hayo. Mchoro unacheka na kukanya kwa pumzi moja, ndiyo maana hauhitaji jina la mtu.

Kinachowachanganya wengi ni sura. Yule mzee ajitokezaye katika karamu za Jordaens mara nyingi hutambuliwa kuwa Adam van Noort, baba mkwe na mwalimu wake. Sawa, lakini mzee huyo ameazimwa uso tu, kama mwigizaji anayevishwa kilemba cha sultani. Jordaens alipotaka kuchora familia yake kweli, alifanya hivyo mnamo 1621, na mchoro uko katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid: yeye na kinanda cha nyuzi mkononi, mkewe Catharina ameketi, binti yao Elisabeth, na mtumishi. Hakuna anayekunywa. Wote wanne wanakutazama wewe.

Kwa hiyo, ukiweka maelezo chini ya picha, "Watu karamuni, Flanders, karne ya 17" yanatosha kabisa.